Mwarobaini wa Maabara na Kidonda cha Mguu

 

Ndugu Watanzania, wengi mmepata kwenye simu habari kwamba wanasayansi wanatengeneza dawa ya vidonda kwa mwarobaini. Ukweli upo, ila nusu. Majani huchemshwa, maji yake huchujwa na kuchanganywa na chumvi ya zinki. Viini vya majani hufanya kazi ya kemikali kali. Mchanganyiko ukikaushwa na kuchomwa, hubaki unga mweupe wa oksidi ya zinki, wenye chembe za nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika maabara, unga huo umeua bakteria.

Lakini kisahani cha maabara si mguu wa mama yako. Chembe hizo zikizidi zaweza kudhuru mwili pia, ndiyo maana bado zinapimwa. Na majani ya kutwanga si unga huo.

Kisukari hutia miguu ganzi, kwa hiyo kidonda huenda kisiume. Mgonjwa asikifunge majani akasubiri. Hapa London, mpigie daktari wako siku hiyohiyo, au piga 111. Nyumbani, apelekwe hospitali. Kuchelewa kunaweza kugharimu mguu.

Mwaka 1961 tulitangaza vita na ujinga, umaskini na maradhi. Vita haijaisha. Mkipiga simu nyumbani leo, waulizeni wazee: miguu mmeitazama?