Kuchagua Zana ya Trekta Dogo: Maelezo kwa Wakulima wa Mbulu na Hanang



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuchagua zana itakayofungwa nyuma ya trekta dogo. Hatuuzi kitu, wala hatutataja kampuni iliyo bora kuliko nyingine. Tumekuja kwa sababu, katika malalamiko yanayotufikia kuhusu mashine za kilimo, mara nyingi trekta huwa zima na zana huwa nzima. Kosa huwa katika ndoa ya hivyo viwili, na aliyeifungisha ndoa hiyo ni mnunuzi mwenyewe, siku alipolipa fedha bila kuuliza.

Kikundi kimoja kilitujia baada ya msimu kupita. Kilikuwa na trekta la nguvu za farasi 30. Wanakikundi waliuza ng'ombe, wakaongeza akiba yao ya miaka, wakanunua rotaveta ya upana wa mita 1.5, rangi yake ikimeremeta. Mvua za kwanza ziliponyesha, injini ilizimika kila zana ilipozama katika udongo mweusi. Walipunguza kina, wakapunguza mwendo, na bado bolti za usalama zikawa zinakatika kila siku. Wakati wao wanahangaika na spana, majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Muuzaji alipoulizwa, alijibu kwamba aliwapa kile walichokiomba. Kwa mujibu wa karatasi zao, alikuwa akisema kweli. Tutarudi kwenye karatasi hizo baadaye.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ili kinyemi kisigeuke kidonda, mnunuzi hana budi kupima mambo manne kabla ya kwenda dukani: nguvu, mikono, udongo na kazi.

Jambo la kwanza ni nguvu. Kibao cha injini kikisema nguvu za farasi 30, msidhani kwamba zote 30 zitafika kwenye zana. Kwanza kuna mwinuko wa nchi yetu. Nguvu ile hupimwa katika hali ya hewa nzito ya nchi za chini. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Katika shamba lililo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nguvu 30 hubaki karibu 25. Kisha nguvu hupita katika gia na kufika kwenye ile shafti ya nyuma ambayo mafundi huiita PTO, na njiani hupungua tena kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa hiyo, kwenye zana hufika nguvu 21 au 22.

Sasa tulinganishe na mahitaji. Kwa makadirio ya kawaida, rotaveta huhitaji nguvu za farasi 20 hivi kwa kila mita moja ya upana wake, na udongo mzito huhitaji zaidi. Rotaveta ya mita 1.5 basi hudai nguvu 30 au zaidi. Trekta la kikundi kile lilikuwa na 21. Hesabu hii ingeweza kufanywa kwa kalamu, chini ya mti, bila kutumia hata lita moja ya dizeli.

Wauzaji husema kwamba zana pana humaliza kazi upesi, na kwa maneno matupu ni kweli. Rotaveta ya mita 1 ikienda kilomita 3 kwa saa, na robo ya muda ikipotea katika kugeuza, hulima ekari moja kwa muda wa saa 1 na dakika 48. Ile ya mita 1.5 kwa mwendo uleule huimaliza kwa saa 1 na dakika 12. Lakini kama upana ule utalilazimisha trekta kwenda kilomita 2 kwa saa, faida yote imekwisha, kwani muda utakuwa uleule wa saa 1 na dakika 48. Kitakachobaki ni bei kubwa zaidi, injini iliyochemka na klachi iliyoungua.

Jambo la pili ni mikono, yaani zile nyuma tatu za trekta zinazoshika na kuinua zana. Mikono hiyo ina madaraja. Katika daraja la kwanza, ambalo ndilo la matrekta mengi madogo, pini za chini zina unene wa milimita 22 na pini ya juu milimita 19. Katika daraja la pili, la matrekta makubwa zaidi, pini za chini ni milimita 28 na ya juu ni milimita 25. Pimeni pini zenu nyumbani na mwende dukani na vipimo hivyo vimeandikwa. Mkiambiwa kwamba tundu kubwa litatiwa bushi ili pini ndogo ishike, jueni kwamba inawezekana. Hata hivyo, jiulizeni swali linalofuata: je, zana iliyoundwa kwa trekta kubwa itainuliwa na trekta dogo? Ulizeni uzito wa zana kwa kilo, kisha mlinganishe na uzito ambao mikono ya trekta lenu inaweza kuinua, kama ulivyoandikwa katika kitabu chake.

Katika mikono hiyo hiyo, itazameni shafti ya PTO. Iliyo ya kawaida ina meno 6, unene wa milimita 35, na kasi ya mizunguko 540 kwa dakika. Baadhi ya matrekta madogo yaliyotumika, hasa yanayotoka Japani, yana kasi zaidi ya moja. Zana ya mizunguko 540 ikizungushwa kwa kasi kubwa kuliko hiyo huvunjika, au huvunja mtu. Tena, shafti ya kuunganisha ikiwa ndefu kupita kiasi, zana inapoinuliwa itasukuma gia mpaka ipasue kasha lake. Fundi wa muuzaji ndiye apaswaye kuikata kwa kipimo cha trekta lenu, mbele ya macho yenu.

Jambo la tatu ni udongo. Zana huwa na kwao. Katika nchi za theluji, trekta dogo kama la kwenu hufungwa mashine ya kurusha theluji kando ya barabara, na hakuna mkulima wa Dongobesh atakayeinunua. Kosa hilo ni rahisi kuliona. Lililo gumu kuliona ni kwamba rotaveta nyingi zinazofika pamoja na matrekta yaliyotumika kutoka Japani ziliundwa kwa majaruba ya mpunga, ambako udongo ni laini na umejaa maji. Kazi nzuri iliyofanywa huko si ahadi ya kazi nzuri Basotu.

Udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Hanang hunata ukilowa na huwa kama tofali ukikauka, na siku za kuulima zikiwa zimefaa ni chache. Trekta dogo katika udongo huo lichukue zana nyembamba: plau ndogo, au ripa ya jino moja. Katika miteremko ya Mbulu hatari ni nyingine. Rotaveta husaga udongo mwepesi ukawa unga, na mvua kubwa ya kwanza huushusha bondeni. Wazee wa Kainam, waliojenga matuta na kulinda udongo wao kwa vizazi vingi kwa jembe la mkono, hawakuhitaji kufundishwa hilo. Mwenye shamba la mteremko afikirie ripa, ambayo hupasua mstari wa kupandia tu na kuacha mabua yakiufunika udongo uliobaki.

Yafaa pia mchunguze kama shambani mna tabaka gumu chini, ambalo hujengeka pale plau inapopita kina kilekile mwaka hadi mwaka. Baada ya mvua, chukueni nondo nyembamba mkaisukume ardhini kwa mkono. Ikiingia kwa urahisi kisha ikagota sentimita 15 au 20 chini, tabaka lipo. Mkiwa na tabaka hilo, kununua plau nyingine ya kina kilekile ni kuongeza ugonjwa. Linalohitajika ni jino la kulipasua.

Jambo la nne ni kazi. Msimu wa kulima ni wa majuma machache, lakini deni la zana ni la miezi kumi na miwili. Kabla ya kununua, andikeni ni siku ngapi kwa mwaka zana hiyo itafanya kazi, na ni nani atakayelipa. Huenda mkagundua kwamba tela, litakalobeba mahindi, samadi, maji, na vitunguu saumu kwenda sokoni, litalipa kuliko plau ya pili. Huenda mashine ya kupukuchulia mahindi ikawa na wateja kijiji kizima. Lakini mwenye kununua tela katika nchi ya milima aulize habari za breki kwanza. Trekta dogo linaweza kuvuta mzigo ambao haliwezi kuuzuia, na mteremko kama ule wa Magara hausamehe.

Tuseme neno juu ya usalama, kwa kuwa ni sehemu ya kuchagua. Shafti ya mizunguko 540 kwa dakika huzunguka mara 9 kila sekunde. Ncha ya kanga au ya shuka ikinaswa, mtu hawezi kujinasua. Msikubali zana isiyo na kifuniko cha shafti, hata mkipunguziwa bei. Pia, zana ikiinuliwa nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi. Jaribuni mahali tambarare kabla ya kulipa. Usukani ukilegea, ulizeni uzito wa kufunga mbele. Uzito huo ukikosekana, zana hiyo ni nzito mno kwa trekta lenu.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kikundi tulichokitaja kiliandika katika oda yake jina la kibiashara la rotaveta na namba ya modeli tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi anayemjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake. Hapo bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Lakini anayeagiza kwa jina la kibiashara peke yake, bila kueleza shida yake, anaweza kuikosa kinga hiyo. Vilevile, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo, kagueni pamoja na fundi, na semeni shida yenu kwa maandishi.

Maandishi yenyewe si marefu. Yatosha kuandika hivi: "Tuna trekta la nguvu za farasi 30, lenye mikono ya daraja la kwanza na PTO ya mizunguko 540. Tutalima ekari 12 za udongo mweusi wa mfinyanzi, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tunaomba zana itakayofaa kwa kazi hiyo." Muuzaji aweke sahihi na muhuri, na nakala moja ibaki kwenu. Muuzaji mwaminifu hataogopa, na anayekataa kuweka sahihi amekwisha kuwapa jibu.

Pamoja na karatasi hiyo, daini risiti ya EFD, waranti iliyoandikwa inayosema ni muda gani na ni sehemu zipi zinahusika, na orodha ya vipuri vinavyochakaa haraka: visu, bolti za usalama, beringi. Ulizeni vinapatikana wapi, na kama ni Katesh, Mbulu mjini, au mpaka Arusha. Ulizeni pia kama zana hiyo imefanyiwa majaribio na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha, na mwone ripoti yake.

Likitokea tatizo, simamisheni kazi, pigeni picha, mwandikieni muuzaji mapema na mtunze nakala. Msifungue gia wenyewe, kwani mtampa sababu ya kuikana waranti. Asipojibu, au kama alisema uongo kuhusu zana, pelekeni lalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imepewa kazi ya kuwalinda watumiaji dhidi ya wauzaji wanaopotosha.

Kikundi kile hatukuweza kukipa haki ambayo hakikuwa nayo katika maandishi. Tuliweza kusuluhisha tu. Muuzaji aliipokea rotaveta yake kwa bei pungufu, nao wakaongeza fedha wakachukua ripa ya jino moja. Ng'ombe waliouzwa hawakurudi, na msimu uliopita haukurudi.

Ndugu zetu, mkitoka hapa, chukueni futi na mkapime pini za trekta lenu leo hii, kabla mvua hazijakaribia na kabla mtu hajawaambia kwamba imebaki moja tu dukani.