Kukaa Kitini na Kuondoka Kitini
Dominika ya 29 ya Mwaka B



Katika Injili ya leo (Mk 10:35-45), Yakobo na Yohane wanamwendea Bwana na ombi la viti: mmoja akae kuume kwake, mwingine kushoto. Wale kumi wanakasirika. Labda si kwa sababu ombi ni baya, bali kwa sababu wametanguliwa. Bwana anawaita wote na kuwafundisha kwamba kwake ukubwa hupimwa kwa utumishi.

Dominika hii hutufikia siku chache baada ya tarehe 14 Oktoba, ambapo Watanzania tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Tuutazame uongozi wake kwa mwanga wa Injili hii.

Mwalimu alibatizwa mwaka 1943, akiwa kijana aliyejiamulia mwenyewe. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu kule Pugu, pamoja na mshahara wake, ili aiongoze TANU. Desemba 1961 nchi ikapata Uhuru, naye akiwa Waziri Mkuu. Januari 1962 akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akaenda kukiimarisha chama. Mwisho wa mwaka huo akawa Rais. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Mwaka 1985 akang'atuka, akamkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi. Uenyekiti wa chama aliushika hadi mwaka 1990. Makao yake yakawa Butiama, kijijini alikozaliwa.

Je, hakuwa na kasoro? Alikuwa nazo. Chini ya serikali yake walikuwapo watu waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishiwa vijijini kwa nguvu, zikaacha nyumba na mashamba yao. Mateso ya watu hao tusiyafunike kwa sifa. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Uchunguzi wa namna hiyo hauogopi ukweli. Nasi tumwombee, tukiliachia Kanisa hukumu.

Lakini jambo moja tujifunze bila kungoja hukumu hiyo. Mwenye kukijua kiti kuwa dhamana huweza kuondoka akiwa hai, akamwachia mwingine. Mwenye kukidhani mali yake hukishika kwa mikono miwili, hata kazi ikifa.

Tusiwatazame wakubwa wa dunia tu. Katika vigango vyetu wamo wenyeviti wasiotaka uchaguzi, watunza hazina wasiosoma hesabu mbele ya waamini, na viongozi wa kwaya wasiomfundisha kijana yeyote kazi yao. Sisi mapadre nasi tumo. Uhamisho ukija, tunanung'unika kana kwamba parokia ni shamba la urithi.

Basi juma hili kila mwenye wadhifa ajiulize: Ninayemwandaa ni nani? Nikiondoka kesho, nitaacha daftari lililo safi? Na wale niliowaumiza nikiwa kitini, nimewaendea kuwaomba radhi?

Bwana wetu hakuja kutumikiwa. Atujalie neema ya kupokea kazi kwa unyenyekevu na kuikabidhi kwa amani. Amina.