Mapatano ya Wamasai na Mapatano Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Kabla wajumbe wetu hawajakwenda kukaa na tajiri juu ya mapatano mapya, twapenda kuwakumbusha habari moja ya nchi hii, nayo yatuhusu sana sisi watu wa reli.

Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ilikata malisho ya Wamasai huko Naivasha na Nakuru, na masetla wakaitamani ardhi iliyo karibu nayo. Mwaka 1904 Kamishna Donald Stewart alipatana na Lenana, laiboni mkuu, pamoja na wazee wengine. Wamasai watoke Bonde la Ufa, wapewe sehemu mbili, moja Laikipia na moja kusini ya reli, na njia ya kuziunganisha. Serikali iliahidi kwamba masetla hawatapewa ardhi hizo maadamu kabila la Wamasai lipo duniani.

Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Masetla waliitaka Laikipia pia. Lenana alikufa Machi 1911, na mwezi wa Aprili serikali ikapata mapatano ya pili: Wamasai wa Laikipia wahamie kusini.

Wamasai hawakunyamaza. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda kortini. Walidai kwamba wale waliotia sahihi mwaka 1911 hawakuwa na amri ya kuwasemea watu wa Laikipia, na kwamba mapatano ya 1904 yangali na nguvu. Kesi ikatupwa, na rufani ikatupwa vilevile. Majaji walisema Wamasai si raia wa Mfalme, ni watu wa kigeni walio chini ya ulinzi wake. Karatasi ile ni mkataba baina ya serikali na taifa jingine, na korti haina amri juu ya mikataba ya namna hiyo.

Angalieni jambo hili, ndugu. Siku ya kutoa ardhi walihesabiwa kuwa taifa, na kwa sababu hiyo hiyo wakafungiwa mlango wa korti.

Basi neno "daima" peke yake halina meno. Sisi tuulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Wanaotusemea, ni sisi tuliowachagua? Karatasi imesomwa kwa lugha ambayo kila mfanyakazi, hata wa gengi, anaielewa? Na tajiri akiivunja, tutampeleka mbele ya nani? Kama swali la tatu halina jibu ndani ya karatasi, wajumbe wasitie sahihi, hata mshahara ulioandikwa humo ukiwa mzuri namna gani.

Wajumbe wakirudi, karatasi itasomwa hapa kifungu kwa kifungu. Njoni wote msikilize, na asiyeelewa asione haya kuuliza.