Zamu ya Mwenzako: Vijana wa Katana na Mchezo wa Kompyuta

Hotuba kwa familia zilizohama, wenyeji na viongozi wa Katana, Kivu ya Kusini

 

Tunajua swali mlilo nalo. Mama mmoja alituuliza: «Tulitoka Minova Januari 2025 tukikimbia mabomu. Kwa nini mnawafundisha watoto wetu mchezo wa mizinga?» Ana haki ya kuuliza, nasi tunapaswa kujibu.

Mchezo huo ni wa siku nyingi. Wachezaji wawili wako kwenye vilima viwili. Kila mmoja, kwa zamu yake, anachagua pembe na nguvu, kisha anarusha. Sisi tulikosea mwanzoni: tuliuonyesha jinsi ulivyo, pamoja na milio yake. Mtoto mmoja aliziba masikio akatoka nje. Tulizima mashine, tukawaomba vijana wenyewe waubadilishe.

Waliamua kurusha vifurushi vya mbegu. Ukilenga vizuri, kilima cha jirani kinaota majani. Mchezo hauishi mpaka vilima vyote viwili viwe vya kijani.

Umeme ukikosekana, wanachora kwenye karatasi ya miraba. Wameona kwamba mahali tambarare pasipo upepo, pembe ya digrii 45 ndiyo inayofika mbali zaidi. Hiyo ni hesabu ya shuleni, na sasa wanaipenda.

Kisha wanaiandikia kompyuta maagizo. Lililowasumbua zaidi ni la zamu: kifurushi kikianguka, 1 iwe 2, vitufe vya wa kwanza vifungwe, vya wa pili vifunguliwe. Walipolisahau, mmoja alirusha bila kukoma na mwenzake akabaki kutazama. Kijana mmoja wa familia iliyohama akasema: «Ni kama pale kwenye bomba la maji.» Wote walicheka, kisha wakanyamaza. Siku hiyo wenyeji na waliohama walizungumza juu ya maji kwa saa nzima, bila kugombana.

Si sisi wa kwanza katika njia hii. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akamnunulia kompyuta ya dola 300. Alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha, akatunga Salaam, mchezo wa mkimbizi anayetafuta amani.

Wazazi, tunawaomba mambo mawili. Waacheni wasichana nao waje. Kazi za nyumbani zigawanywe. Na viongozi, vijana wameandika orodha ya zamu za bomba, wenyeji na waliohama pamoja. Wanaomba muisome, muisahihishe, muijaribu kwa mwezi mmoja. Orodha hiyo tunayo hapa mkononi.