Kazi ya Kambini Nayo ni Kazi

(Muziki wa kufungua unapigwa, kisha unashushwa taratibu.)

Salamu kwenu ndugu zetu wa Mahama, Kiziba, Kigeme, Nyabiheke na Mugombwa, na ninyi mlio katika kituo cha muda cha Nyarushishi, hapa kwetu Rusizi. Leo tunazungumza na vijana wanaotaka kufanya kazi katika mashirika ya kimataifa. Baba na mama, msiondoke. Yako yanayowahusu.

Naanza na yaliyonipata mimi. Kwa miaka miwili nilikuwa mkalimani kwenye zahanati ya kambi. Mama mgonjwa alisema Mashi, mimi nikamwambia muuguzi kwa Kifaransa. Nililipwa posho ndogo ya mwezi. Siku moja shirika moja likatangaza nafasi ya karani. Fomu ikauliza: una uzoefu gani wa kazi? Nikaandika: sina. Nafasi ikachukuliwa na mwingine. Baadaye muuguzi yule akaniuliza, "Na ile miaka miwili uliyokaa nami, ulikuwa unafanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilidhani kazi ni ile yenye mkataba na mshahara tu.

Ndugu zangu, wengi wetu tunafanya kosa hilo. Unahamasisha watu kuhusu usafi, unapanga foleni ya mgao, unakaa kwenye dawati la malalamiko, unafundisha watoto. Halafu unasema huna kazi. Ile ni kazi, lakini isipoandikwa, huko ofisini hakuna atakayeijua.

Basi andika. Usiandike tu, "Nilisaidia wakimbizi." Andika hivi: "Kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2025 nilitafsiri Mashi, Kiswahili na Kifaransa katika zahanati ya kambi, siku tano kwa wiki, chini ya muuguzi mkuu." Weka tarehe, mahali, idadi, na cheo cha aliyekusimamia. Majina na siri za watu uliowahudumia usiyaandike kamwe.

Kisha omba barua ya utumishi yenye saini na muhuri. Iombe mapema, mradi ukiwa bado hai. Miradi hufungwa, wakubwa huhamishwa, na wewe unabaki mbele ya mlango wenye kufuli.

Jambo la pili ni lugha. Kijana wa huku kwetu mara nyingi anajua Kiswahili, Kinyarwanda, Mashi au Kifuliiru, na Kifaransa kidogo, na anaona si kitu. Kumbukeni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Wataalamu wa Translators without Borders waliona kwamba ujumbe wa Kifaransa, na hata ule wa Kiswahili sanifu, haukueleweka vizuri kwa watu wengi. Ilibidi kutumia maneno ya watu wenyewe. Ujumbe wa afya usipoeleweka, watu wanakufa. Kwa hiyo andika lugha zako zote, na useme ukweli: ipi unaisema tu, ipi unaisoma na kuiandika.

Jambo la tatu, jua mlango unaobisha. Hapa Rwanda, mkimbizi mwenye kitambulisho chake ana haki ya kufanya kazi. Lakini milango ya Umoja wa Mataifa haifanani. Kazi za ngazi ya G, kama udereva, ukarani na usaidizi wa ofisi, hutafutiwa watu walio hapahapa nchini, na kwa kawaida zinadai cheti cha sekondari. Kazi za ngazi inayoandikwa NO ni za raia wa nchi husika tu. Mkimbizi akiomba nafasi hiyo, anachosha kalamu. Kazi za ngazi ya P ni za kimataifa. Mwenye shahada ya uzamili huombwa miaka 2 ya uzoefu kwa P-2, na miaka 5 kwa P-3. Unaona? Hata huko juu wanauliza miaka. Miaka hiyo unaweza kuanza kuihesabu kambini. Tena mpango wa Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa una nafasi za wakimbizi, na wanaotaka chuo kikuu waulizie msaada wa masomo wa DAFI, ulioanza mwaka 1992.

Jambo la nne, jifunze jinsi kazi hii inavyopimwa. Mwaka 1994 watu wengi sana walivuka kwenda Goma, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwa muda mfupi. Mashirika yalijiuliza yamekosea wapi, na mwaka 1997 ukaanza mpango wa Sphere, uliotoa kitabu cha viwango vya msaada. Ndani yake utakuta kwamba mtu anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, na kwamba choo kimoja kisizidi watu 20. Kitabu hicho kinasomwa bure kwenye intaneti. Wewe uliyesimama na jerikani alfajiri unaelewa maana ya lita 15 kuliko aliyezisoma darasani. Ukijua na kiwango chenyewe, kwenye usaili utazungumza kama mtu wa kazi.

Wazazi, hapa ndipo penu. Binti akishinda kwenye foleni ya maji, kuni na kulea wadogo, atasoma saa ngapi? Mgawieni kaka yake zamu. Saa moja kwa siku inatosha kuanza.

La mwisho, tahadhari. Mimi niliwahi kumpa mtu faranga 30,000 ili "alisukume jina langu." Sikumwona tena. Umoja wa Mataifa hautozi pesa yoyote katika kuajiri: si kwa fomu, si kwa usaili, si kwa mafunzo. Anayekudai pesa au jambo jingine la aibu ili upate kazi, ni mwizi. Toa taarifa.

Sitawadanganya kwamba kazi ni nyingi. Ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Lakini nafasi ikitangazwa leo na kufungwa keshokutwa, hutakuwa na muda wa kuanza kukumbuka maisha yako. Kwa hiyo jioni hii chukua daftari. Andika kazi moja uliyoifanya hapo kambini, tarehe uliyoanza, na mtu anayeweza kuishuhudia. Kesho andika ya pili.

Nami fomu ya pili niliyojaza sikuandika tena "sina." Niliandika mistari sita, nikaitwa kwenye usaili.



(Muziki wa kufunga.)