Mwalimu wa Kiingereza na Mtoto wa Chuoni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu, Nyamirambo, Kigali)

 

Mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba masomo yasomeshwe kwa Kiingereza, na walimu wengi waliosoma kwa Kifaransa wakalazimika kujifunza lugha hiyo huku wakiisomeshea. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Sina neno na Kiingereza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi. Neno langu ni juu ya mtoto.

Nalikuwa na mwanafunzi chuoni, umri wake miaka tisa, amehifadhi juzuu ya Amma yote. Siku moja babake alinijia na karatasi ya shule: mtoto huyu hajui kitu, wala hasemi. Tukaenda pamoja kwa mwalimu wake, naye, kwa haki, ni mtu mwema. Akasema, "Sheikh, nikimwuliza huinamisha macho tu."

Nikamwambia: Bwana mwalimu, kwetu hiyo ndiyo adabu mbele ya mwalimu. Tena chuoni husoma kwa kufuatisha pamoja na wenzake. Hakuzoea kusimamishwa peke yake. Mwache aseme na darasa zima kwanza, kisha na mwenzake mmoja, ndipo umwulize yeye. Mkono wake umezoea kuandika kutoka kuume. Hiyo "r" na "l" anazozichanganya ni athari ya Kinyarwanda, wala si uzito wa akili. Nyumbani asema Kiswahili, njiani Kinyarwanda, katika sala Kiarabu. Kiingereza chako ni lugha ya nne.

Mwalimu akanyamaza, kisha akasema neno lililonichoma: katika mafunzo yote aliyopewa, hapana mtu aliyemweleza habari za chuo.

Nani angemweleza? Toka chuoni kwangu hata shuleni kwake ni mwendo wa dakika tano, nami miaka yote hiyo sikuwahi kuvuka njia.

Basi naomba chama chetu kiwaalike walimu, na wale wanaojifunza ualimu pia, waketi nasi chuoni alasiri moja kabla ya muhula kuanza, wasikilize watoto wakisoma. Nasi walimu wa chuo twende kwao asubuhi. Mimi nitakuwa wa kwanza kuketi dawatini, na ndevu zangu hizi.

Wassalamu alaykum.