Swali la Mzazi Lataka Jibu Lake

Mwaka 2011 Rwanda ilitangulia Afrika nzima kuanzisha, kwa taifa zima, chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Katika wasichana wa darasa la sita, zaidi ya asilimia 90 walikamilisha dozi zote tatu. Watoro na wasiosoma kabisa walitafutwa kwa msaada wa wahudumu wa afya wa vijiji, ambao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Hapo ndipo penye siri. Kenya ilipoanza mwaka 2019, ulienea uvumi kwamba chanjo hiyo huleta utasa. Uvumi huo ni uongo mtupu. Lakini mama mwenye hofu haulizi habari za mamilioni. Auliza habari za binti yake: ana miaka kumi tu, kwa nini achanjwe mapema hivyo? Amjuaye binti huyo ndiye awezaye kumweleza mama kwamba kinga hujengeka vyema kabla virusi havijauingia mwili.

Makambini kazi hiyo ni ngumu zaidi. Askari huhamishwa, na mtoto hufika mahali ambapo hakuna mhudumu amjuaye. Shahidi wake ni kadi ya chanjo, nayo pengine imesahauliwa katika nyumba ya kambi ya zamani.